Kima cha Biti na Kasi ya Kuandika: Istilahi za Kamera za Dijitali

Kamera za dijitali zimeingia katika ofisi zetu, shule zetu na hata katika mitumbwi ya wavuvi kabla istilahi zake hazijapata makazi katika lugha. Jambo hilo si geni. Ndivyo ilivyokuwa kwa baiskeli, kwa redio na kwa kompyuta. Hata hivyo, yako maneno ambayo yakichelewa kufafanuliwa hayaleti hasara ila ubishi wa wataalamu, na yako mengine ambayo yakikosewa katika hati ya manunuzi fedha za umma hupotea na kazi huharibika. Makala haya yanahusu maneno ya aina hii ya pili: yale yanayotaja wingi wa habari ambazo kamera ya video inazitoa kwa kila sekunde, na yale yanayotaja uwezo wa kadi wa kuzipokea habari hizo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ilagala ni kata ya Wilaya ya Uvinza katika Mkoa wa Kigoma, kusini ya Kigoma mjini na Ujiji, mahali ambapo mto Malagarasi unaingia katika Ziwa Tanganyika. Tuseme ofisa wa uvuvi wa huko anataka kupiga picha za video za uvuvi wa dagaa wakati wa usiku, wavuvi wakiwa na taa zao juu ya maji, ili picha hizo zitumike katika mafunzo. Kijitabu cha kamera aliyopewa kinasema kwamba kamera hiyo huandika video kwa 100 Mb/s. Ofisa anaandika ombi kwa mhasibu: inahitajika kadi ya memori yenye spidi ya MB 100. Muuzaji wa Kigoma anatoa kadi iliyoandikwa 100 MB/s kwa tarakimu kubwa. Tarakimu zimelingana, hati imetiwa sahihi, kila mtu ameridhika. Usiku ule, mtumbwi ukiwa mbali na ufuko na nyavu zikiwa ndio kwanza zinavutwa, kamera inasimama yenyewe na kuonyesha onyo kwamba kadi haiwezi.

Mtu wa kwanza kulaumiwa katika hali kama hiyo ni muuzaji, ambaye hudhaniwa kuwa ameuza kadi bandia. Wa pili ni kamera. Lakini huenda kadi ni halali na kamera ni nzima, na kosa lote likawa limo ndani ya maneno matano ya ile hati ya ombi. Tutaona kwamba kosa hilo si moja; ni matatu yaliyofungwa pamoja.

La kwanza ni la biti na baiti. Biti ni chembe ndogo kabisa ya habari katika mashine za dijitali: ni jibu la ndiyo au hapana, 1 au 0. Baiti ni fungu la biti 8. Maneno haya mawili tumeyachukua kutoka lugha za kigeni na kuyavika matamshi yetu, na kwa maoni ya mwandishi hapakuwa na njia nyingine iliyo bora. Wapo waliocheka kwa sababu wazee wa mwambao hulitumia neno biti kwa maana ya binti katika majina ya wanawake, na vijana nao wanalo biti lao la muziki. Kicheko hicho hakina madhara. Madhara yako katika ufupisho. Kwa kawaida ya kimataifa herufi b ndogo husimama mahali pa biti, na B kubwa mahali pa baiti. Kwa hiyo 100 Mb/s ni megabiti 100 kwa sekunde, na 100 MB/s ni megabaiti 100 kwa sekunde, yaani mara nane ya ile ya kwanza. Sasa mtu awaye yote aliyefanya kazi ofisini anajua desturi yetu ya kuandika vichwa vya habari na matangazo ya zabuni kwa herufi kubwa tupu. Mara tu karani anapofanya hivyo, tofauti nzima kati ya biti na baiti imefutika katika karatasi, wala hakuna msomaji atakayeweza kuirudisha. Katika hati za Kiswahili, basi, yafaa neno liandikwe kamili: megabiti, megabaiti. Wino unaozidi ni mchache.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini watengenezaji wa kamera wahesabu kwa biti ilhali watengenezaji wa kadi wahesabu kwa baiti. Sababu ni ya mila tu. Wahandisi wa simu na utangazaji, ambao kazi yao ni kupitisha habari kutoka mahali hadi mahali, tangu zamani walihesabu biti moja moja zinavyopita. Wahandisi wa kompyuta, ambao kazi yao ni kuweka habari ghalani, walihesabu mafungu. Kamera ya video ni mtoto wa ukoo wa kwanza na kadi ni mtoto wa ukoo wa pili. Mfasiri anayekutana na vitabu vya vifaa hivyo viwili juu ya meza moja hana budi kugawanya kwa 8 kila anapotoka kwenye kamera kwenda kwenye kadi. Megabiti 100 za kamera ya ofisa wetu ni megabaiti 12.5.

Kabla ya kuendelea na makosa mengine mawili, inafaa kueleza hizo biti 100,000,000 za kila sekunde zinatoka wapi, kwani maana ya istilahi haiwezi kushikwa bila ya kuelewa kitu chenyewe. Katika mkoa huu wa Kigoma kuna historia ndefu ya picha za sinema inayoweza kutusaidia. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, na mwaka 1962 Hugo van Lawick alikuja huko kupiga picha. Filamu ya milimita 16 aliyotumia ilikuwa ni utepe. Kipande cha futi 100, kikipita katika kamera kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, huisha kwa dakika 2 na sekunde 47. Mpiga picha wa siku hizo alihesabu futi. Tena futi zake zilikuwa za haki: sokwe aliyelala na sokwe anayekimbia walikula utepe sawasawa, kwani kila picha moja ilichukua nafasi ile ile.

Katika kamera ya dijitali mambo sivyo. Picha moja ya video ya ukubwa unaotumika sana ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600. Tukiipa kila nukta biti 24 za kutaja rangi yake, picha moja inahitaji biti 49,766,400. Na kwa kuwa kwetu televisheni imezoea picha 25 kwa sekunde, jumla yake ni biti 1,244,160,000 kwa kila sekunde, au megabaiti 155 na nusu hivi. Kamera ya kawaida haiwezi kuandika wingi huo, na hata kama ingaliweza, kadi ya gigabaiti 64 ingalijaa kabla ya dakika 7. Kwa hiyo kamera hubana.

Hapa twahitaji kusimama kidogo juu ya neno. Wako wanaosema mgandamizo. Neno hilo lina kazi yake tayari katika habari za hali ya hewa, tunaposikia juu ya mgandamizo mdogo wa hewa baharini, na kulitwika mzigo mwingine wa kisayansi kutawachanganya wanafunzi. Ubanaji unatosha: ni nomino iliyozaliwa kwa njia ya kawaida kutokana na kitenzi ambacho hata mtoto anakijua, na inakubali minyumbuliko yote tunayoihitaji: video iliyobanwa, kubanua, kibanaji.

Ubanaji wa video hutegemea siri moja, nayo ni kwamba picha moja hufanana sana na ile iliyotangulia. Kamera haiandiki picha zote kwa ukamilifu. Huandika picha moja kamili, kisha kwa zile zinazofuata huandika tofauti tu: hapa mkono umesogea, pale kivuli kimepita. Ukimpiga picha mwenyekiti wa kijiji aliyekaa mbele ya ukuta mweupe akisoma taarifa, tofauti ni midomo yake na karatasi yake. Ukuta hauna haja ya kuandikwa upya. Lakini mpige picha mvuvi juu ya ziwa. Kila wimbi ni jipya, kila mmeto wa taa juu ya maji hudumu sehemu ndogo ya sekunde na kutoweka, wala hakuna pembe hata moja ya picha iliyotulia. Zaidi ya hayo, katika giza kamera huongeza usikivu wake, na usikivu ukiongezeka picha huota chengachenga ambazo nazo hubadilika kila mara. Kibanaji hakijui kwamba chenga hizo hazina maana, hivyo huzihesabu kuwa ni habari na kuzigharimia. Ziwa Tanganyika wakati wa usiku ni miongoni mwa mambo magumu kabisa unayoweza kumpa kibanaji.

Majani ya msituni nayo ni hivyo hivyo. Kusini zaidi ya Ilagala, katika milima ya Mahale, Toshisada Nishida alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1965, miaka 20 kabla ya mahali hapo kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985. Yeye na wenzake walitoa mwaka 2010 kamusi elezo ya matendo ya sokwe ambamo maelezo ya maneno yanafuatana na vipande vya video. Sisi tunaoshughulika na istilahi tungepaswa kuiangalia kazi ya namna hiyo kwa wivu, kwani mara ngapi tumeandika mistari mitano kueleza tendo ambalo lingeonekana kwa sekunde tano? Lakini fikiri sokwe wa Mahale anayeingiza kijiti katika tundu la mti kuvua siafu-miti, naye amezungukwa na majani yanayotikiswa na upepo. Kamera ikipewa biti chache, itazigawa kwa majani yote bila ya kumpendelea mnyama, na vidole vilivyoshika kijiti vitakuwa doa la kahawia. Tendo lipo, ushahidi haupo. Jambo hili halirekebishiki baadaye, maana biti ambayo haikuandikwa haiwezi kuzuliwa bila ya kusema uongo.

Wingi huo wa biti ambao kamera inauruhusu kwa kila sekunde ndio dhana tunayotaka kuipa jina. Kasi ya biti ndilo jina linalokuja haraka. Kasoro yake ni kwamba humfanya msikilizaji afikiri biti zinakwenda mbio, au kwamba picha yenyewe itakwenda mbio. Mwalimu atapoteza nusu ya kipindi akiondoa fikira hiyo. Kiwango cha biti si kibaya, ila neno kiwango limechoka: twalitumia kwa ubora, kwa daraja, kwa hali ya joto, na katika vijitabu vingine vya kamera limeshatumiwa kutaja wingi wa nukta za picha. Mtiririko wa biti una sura nzuri, lakini umeanza kutumika kwa video au muziki unaotazamwa huku ukipokewa kwa njia ya intaneti, na haifai kuunyang'anya kazi hiyo.

Pendekezo la mwandishi ni kima cha biti. Kila mfanyakazi wa nchi hii anajua maana ya kima cha chini cha mshahara. Anajua kwamba kima si jumla ya fedha alizopata maishani mwake, bali ni kiasi kinachohesabiwa kwa muda maalumu, kwa mwezi au kwa siku. Ndivyo ilivyo kwa biti: kiasi kwa sekunde. Atakayesema kwamba kima ni mnyama, na kwamba huko Gombe na Mahale wako wengi, amesema kweli. Kima pia ni nyama iliyosagwa. Lakini hatujamsikia mfanyakazi aliyekwenda kudai kima cha chini akidhani atapewa tumbili. Kutokana na kima cha biti tunapata pasipo taabu kima cha wastani, kima cha kilele, kima thabiti na kima geugeu, na hata kima cha picha, kwa maana ya idadi ya picha kwa sekunde.

Kima thabiti na kima geugeu vinahitaji neno moja zaidi. Kamera nyingine hutoa biti kwa kipimo kile kile iwe inatazama ukuta au wimbi. Nyingine, nazo ni nyingi, hutoa kidogo panapokuwa na utulivu na nyingi panapokuwa na fujo, kama Malagarasi yenyewe ambayo haipitishi maji sawa wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Kijitabu cha kamera ya namna hii huenda kikataja kima cha wastani tu. Mtu anayejenga kingo za mto kwa kufuata wastani atagharikishwa, na anayechagua kadi kwa kufuata wastani atasimamishwa kati ya kazi. Mfasiri akiona neno wastani katika kitabu cha asili asiliache.

Sasa tugeukie kadi, na kosa la pili. Kadi hufanya kazi mbili: huandika habari zinazotoka kwenye kamera, na husoma habari hizo inapounganishwa na kompyuta. Kusoma ni kwepesi. Kuandika kunachosha, kwa sababu vijumba vya kuhifadhia biti ndani ya kadi haviwezi kuandikwa juu ya maandishi ya zamani. Hapana budi kufuta kwanza, tena hufutwa kwa mafungu makubwa, hata kama kilichotakiwa kubadilishwa ni kidogo. Kwa sababu hiyo kasi ya kuandika aghalabu huwa chini ya kasi ya kusoma, na mara nyingine iko chini sana. Ile 100 MB/s iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa juu ya kadi ya ofisa wetu ilikuwa kasi ya kusoma. Muuzaji hakudanganya na kadi haikudanganya. Hakuna aliyeuliza kasi ya nini.

Hapa tumelitumia neno kasi bila ya wasiwasi, ingawa tumelikataa kwa upande wa kamera. Makarani wapiga chapa waliajiriwa kwa kasi yao ya maneno kwa dakika. Hiyo ni sifa ya mtenda kazi. Bosi aliyesoma barua kwa sauti ili ipigwe chapa alikuwa na kima chake cha maneno. Kima ni cha yule anayetoa. Kasi ni ya yule anayepokea na kuandika. Mwalimu akiitunza tofauti hiyo darasani, wanafunzi wataona wenyewe kwamba swali lote ni kama kasi ya kadi inazidi kima cha kamera.

Kosa la tatu ndilo baya zaidi, kwa sababu hata watu waangalifu hulifanya. Tarakimu kubwa ya juu ya kadi, hata ikiwa ya kuandika, hutaja kasi ya juu kabisa iliyopatikana katika hali nzuri kabisa. Kamera ya video haihitaji kujua siku njema ya kadi. Yahitaji kujua siku mbaya. Wenye viwanda, kwa njia ya chama chao cha kadi za SD kilichoanzishwa mwaka 2000, waliweka alama za kutaja kasi ya chini ambayo kadi imeahidi kutokwenda chini yake wakati wa kuandika video. Alama hizo ndizo sawa na kima cha chini cha mshahara, na ni ndogo, zimejificha kando ya tarakimu zile kubwa. Tarakimu iliyomo ndani ya herufi C, yaani 2, 4, 6 au 10, ni megabaiti kwa sekunde. Herufi V ikifuatwa na 6, 10, 30, 60 au 90 nayo ni megabaiti kwa sekunde, wazi kabisa. Katikati ya hizo kuna herufi U yenye 1 au 3 ndani yake, na hapo waliotunga waliacha uwazi: 1 maana yake ni megabaiti 10, na 3 maana yake ni megabaiti 30. Mtu mgeni huitazama kadi yenye C10 na U3 akadhani ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza. Tunapoonywa tusitunge istilahi zinazohitaji ufunguo ili zifunguliwe, mfano wa U3 unaweza kutumika.

Kuna na mtindo mwingine wa zamani ambao bado huonekana sokoni: kadi iliyoandikwa mara 633, kwa mathalani. Msingi wake ni kasi ya sahani za muziki za kwanza zilipokuwa zikisomwa na kompyuta, kilobaiti 150 kwa sekunde. Zidisha, upate megabaiti 95 hivi. Ni kipimo cha kilele, na mara nyingi ni cha kusoma. Kisitumike katika hati.

Turudi kwenye mtumbwi. Kadi ya ofisa ilikuwa na alama ya C10. Iliahidi megabaiti 10 kwa sekunde na si zaidi. Kamera ilitaka megabaiti 12.5. Ofisa alidhani amepata kilichotosha hasa, kwa kuwa 100 ni 100. Mtu aliyejua tofauti ya biti na baiti angalidhani amepata mara nane ya kilichotakiwa. Wote wawili wangalikosea: ahadi ya kadi ilikuwa chini ya haja ya kamera. Kadi ya V30, yenye ahadi ya megabaiti 30, ambazo ni sawa na megabiti 240, ingalifanya kazi usiku kucha mpaka ijae.

Yabaki kueleza kwa nini kamera haikukataa tangu mwanzo, bali ilisubiri mpaka nyavu zilipovutwa. Kwa miaka mingi wasafiri wa Ilagala wamevuka Malagarasi kwa kivuko, nao wanajua vema kwamba magari yanayofika hayavuki mara moja; husimama kando ya mto na kungoja. Kivuko kikichelewa kidogo, hakuna taabu, uwanja una nafasi. Kikichelewa mno huku magari yanazidi kuja, uwanja hujaa, na gari linalofuata halina pa kusimama. Ndani ya kamera kuna uwanja kama huo, kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa ambamo biti hungoja zamu ya kuandikwa kwenye kadi. Wataalamu huiita bafa. Mwandishi hana ugomvi na neno hilo, ila kwa wasomaji wa kawaida angependa kusema kingojeo, nalo lijaribiwe. Mtumbwi ulipokuwa umetulia, kima kilikuwa cha chini na kingojeo kilikuwa kitupu. Wavuvi walipoanza kuvuta, maji yakatibuka, taa zikayumba, kima kikapanda mpaka kileleni, kingojeo kikajaa. Kamera husimama kwa sababu haina pa kuziweka picha nyingine. Kwa bahati mbaya jambo hilo hutokea wakati picha ina mengi ya kuonyesha, yaani wakati uleule unaotakiwa.

Neno kumbukumbu nalo limezua taabu yake. Kadi ya kumbukumbu ndiyo tafsiri iliyoenea, na katika maongezi watu husema memori kadi. Katika ofisi za serikali, hata hivyo, kumbukumbu ni za mkutano, na kila barua ina namba yake ya kumbukumbu. Agizo la kadi za kumbukumbu kumi linaweza kueleweka kuwa ni kadi za mwaliko wa sherehe ya kumkumbuka marehemu. Jina lenyewe lisibadilishwe, maana limekwisha kukubalika. Itoshe tu kwamba katika hati neno kamera liwe karibu nalo.

Juu ya ukubwa wa kadi hatutasema mengi, kwani watu wengi wanaufahamu. Gigabaiti 64 kwa kima cha megabiti 100 ni dakika 85. Kwa megabiti 50 ni saa 2 na dakika 50. Kwa megabiti 28 ni saa 5 na dakika chache. Kompyuta nyingi zikiipima kadi hiyo huonyesha 59.6, nayo si wizi wa muuzaji: kiwanda huhesabu giga kuwa ni 1,000,000,000, na kompyuta huhesabu kwa kuzidisha 1,024 mara tatu. Kadi bandia zipo, nazo ni zile zinazojitangaza kuwa na nafasi zisizokuwa nayo. Dawa yake ni kuijaza kadi yote kwa majaribio kabla ya kwenda kazini, kisha kuyasoma yaliyoandikwa. Na kadi zisizozidi gigabaiti 32 kwa kawaida haziruhusu faili moja kuvuka gigabaiti 4, hivyo kwa kima cha megabiti 28 kamera hufungua faili mpya kila baada ya dakika 20 hivi. Mwalimu akikuta hotuba ya saa moja imekatwa vipande vitatu asidhani kwamba kuna kilichopotea.

Ombi la ofisa wa Ilagala, basi, lingeliandikwa hivi: Kadi mbili za kumbukumbu za kamera ya video, kila moja ya gigabaiti 64, zenye kasi ya chini ya kuandika isiyopungua megabaiti 30 kwa sekunde (alama ya V30 au U3), kwa matumizi ya kamera yenye kima cha biti cha kilele cha megabiti 100 kwa sekunde. Karani akipendelea herufi kubwa, aachiwe kichwa cha barua.